Simu ya wodini: kuwa imara si kuwa salama

Mtu anapolazwa katika wodi ya magonjwa ya akili, vitu vyake vingi huishia mapokezi: mkanda, kamba za viatu, waya wa chaja, na katika hospitali nyingi hata simu yake ya mkononi. Kuanzia hapo sauti ya mama yake, ya mtoto wake, ya mwajiri wake na ya wakili wake humfikia kupitia simu moja iliyofungwa ukutani, inayotumiwa na wodi nzima. Simu hiyo ikiharibika, mgonjwa anakatika na watu wake. Ikichaguliwa vibaya, inaweza kugeuka kuwa chombo cha kumdhuru.

Kazi ya kuinunua mara nyingi huangukia watu wa ununuzi au wa TEHAMA, na katalogi wanazofungua zimejaa maneno kama "imara", "haivunjiki" na "ya usalama wa hali ya juu". Maneno hayo huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Kuna simu iliyotengenezwa ili mtumiaji asiweze kuiharibu, na kuna simu iliyotengenezwa ili mtumiaji asiweze kujidhuru nayo. Ya kwanza ilibuniwa kwa ajili ya magereza, vituo vya treni, migodi na barabara kuu. Ya pili ndiyo inayotakiwa wodini, na kampuni inayoijua vizuri ile ya kwanza huenda haijawahi kuifikiria ya pili.

Tuanze na ile ya kwanza, maana vipimo vyake viko wazi. Uwezo wa kuhimili kipigo hupimwa kwa alama za IK, zilizowekwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62262. IK08 ni kipigo cha jouli 5, IK09 ni jouli 10, na IK10 ni jouli 20, sawa na uzito wa kilo 5 ulioachiwa uanguke kutoka sentimita 40. Uwezo wa kuzuia vumbi na maji hupimwa kwa alama za IP, za kiwango cha IEC 60529: tarakimu ya kwanza ni ya vitu vigumu na vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na maji yanayorushwa kwa mpira hayaleti madhara. Simu ya wodini itapigwa ngumi, itamwagiwa vinywaji na itafutwa kwa dawa kila siku, kwa hiyo IK10 na IP65 ni viwango vya busara kuviomba.

Lakini alama hizo hazisemi lolote kuhusu umbo. Simu inaweza kuwa na IK10 na papo hapo ikawa na paa bapa lililochomoza kutoka ukutani, ndoano ya kutundikia mkono wa simu, na waya mrefu uliovikwa chuma usiokatika hata ukivutwa kwa nguvu zote. Gerezani sifa hizo zinauza kifaa. Wodini kila moja ni tishio, na kadiri kifaa kilivyo imara ndivyo tishio linavyokua, kwa sababu hakitaachia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Vifo vingi vya kujiua vinavyotokea ndani ya wodi hutokana na kujinyonga, na ndiyo maana wataalamu wa usalama wa majengo ya hospitali hukagua kila kitu kilichofungwa ukutani kwa swali moja: je, kuna mahali hapa kitu kinaweza kuzungushwa au kufungwa kikashika? Huuliza swali hilo kwa urefu wowote kutoka sakafuni. Anayedhani amemaliza tatizo kwa kuishusha simu chini kidogo hajamaliza kitu.

Mwaka 2017, jopo la wataalamu lililoitishwa na Joint Commission, taasisi ya Marekani inayothibitisha ubora wa hospitali, lilipendekeza kwamba katika wodi za akili vyumba vya wagonjwa, bafu, korido na maeneo ya pamoja yasiwe na sehemu za namna hiyo. Jopo hilohilo likasema kwamba vituo vya wauguzi vinavyoonekana bila kizuizi, na maeneo yaliyo nyuma ya milango inayojifunga yenyewe, hayahitaji kutimiza sharti hilo. Ni tofauti yenye manufaa kwa mwenye bajeti ndogo. Simu ya ofisini kwa muuguzi mkuu, nyuma ya mlango unaojifunga, inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Fedha ziende pale mgonjwa anapofika, na zaidi pale anapobaki peke yake: chumba cha kulala, chumba cha kutengwa, chumba cha faragha cha kupigia simu. Korido yenye watu na macho ya wauguzi ina hatari yake, lakini hailingani na ya chumba kilichofungwa usiku.

Kuna anayesema kwamba mambo ya ukuta na skrubu hayawezi kumzuia mtu aliyekwisha kuamua. Ushahidi hauko upande wake. Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, inayowahudumia wanajeshi wa zamani, ilianza mwaka 2007 kutumia orodha maalumu ya kukagua mazingira ya wodi zake za akili na kuondoa hatari zilizoonekana, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba vifo vya kujiua katika wodi hizo vilipungua sana. Hamu ya kufa mara nyingi huja kama wimbi, ikapanda na kushuka. Ukuta usio na pa kushika humpa mtu muda, na muda huo ndio ambao matibabu, muuguzi, na hata simu yenyewe huhitaji.

Basi turudi kwenye simu, na tukae kwa muda kwenye waya, maana waya ndio unaozigawa simu hizi katika makundi.

Njia ya kwanza ni kuuacha waya lakini kuufupisha, takriban shubiri moja, usitoshe kufanya kitanzi. Mgonjwa husimama karibu na ukuta, anaweka mkono wa simu sikioni, anazungumza kama watu wote wanavyozungumza. Uzuri wake ni faragha na mazoea: hakuna cha kufundishwa, na sauti ya upande wa pili haisikiki koridoni. Ugumu wake ni kwamba waya mfupi huifanya simu ikubali kimo kimoja tu. Aliye kwenye kiti cha magurudumu haifikii, mtoto anainua shingo, mrefu anainama. Wodi inayochagua njia hii inahitaji simu mbili za vimo tofauti. Wapo watengenezaji wanaoongeza kiungo cha sumaku kinachoachia waya unapovutwa. Ni wazo zuri, ila uliza nini kinabaki mkononi mwa mgonjwa baada ya kuachia. Ikiwa ni waya mrefu na kipande kizito cha plastiki, tatizo limetoka ukutani na kuanza kutembea.

Njia ya pili ni kuondoa mkono wa simu kabisa. Kinachobaki ni bamba la chuma lililolala sawa na ukuta, lenye vitufe, matundu madogo ya spika na kipaza sauti nyuma yake. Kwa umbo, hii ndiyo salama kuliko zote. Hakuna cha kushika, cha kuvuta wala cha kurusha. Mkaguzi atafurahi. Mgonjwa je? Spika na kipaza sauti vikiwa kwenye bamba moja, ndani ya korido yenye sakafu ngumu na kuta tupu, sauti hurudi na kugongana. Vifaa vingi huepuka mwangwi huo kwa kunyamazisha upande mmoja wakati mwingine anazungumza, na matokeo yake maneno hukatwakatwa. Mtu anayelia hasikiki vizuri kwenye simu ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, kila anayepita anasikia pande zote mbili za mazungumzo. Fikiria mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia kwamba anasikilizwa na kufuatwa, kisha hospitali inampa simu ambayo kweli kila mtu anaisikiliza. Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa kwenye faili kama dalili. Bamba hili naliona linafaa ndani ya chumba kimoja chenye mlango, au katika chumba cha kutengwa kwa mawasiliano ya mgonjwa na muuguzi. Kuliweka koridoni liwe simu pekee ya wodi ni kumnyima mgonjwa mazungumzo huku ukimwonyesha kitufe.

Kati ya hizo mbili kuna paneli zenye kisikilizio kilichojengwa ndani ya bamba lenyewe: unasogeza sikio, unasikia peke yako. Faragha ni bora, shingo ndiyo inayolipa gharama, na kimo cha kufungia huwa na ugumu uleule wa waya mfupi.

Njia ya tatu ni simu isiyo na waya, ambayo muuguzi humkabidhi mgonjwa, naye huenda nayo chumbani au pembeni. Ni rahisi, haihitaji kubomoa ukuta, na huleta faragha ya kweli. Hatari zake ni za aina nyingine. Simu inaweza kurushwa, kuvunjwa ikatoa vipande vyenye ncha, na betri yake ikafunguliwa. Kwa hiyo ganda lake liwe limegundishwa, kifuniko cha betri kisifunguke kwa kucha, na isiwe na betri ndogo za mviringo kama kitufe, ambazo zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kitako cha kuchajia na waya wake vikae chumba cha wauguzi, siku zote. Hata hayo yote yakitimizwa, linabaki jambo ambalo halimo katika katalogi yoyote: kila simu inapitia mikononi mwa muuguzi. Zamu ikiwa na watu wachache, jibu huwa "subiri kidogo", na haki ya mgonjwa inageuka kuwa hisani.

Ni haki kwa maana halisi. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 46/119, lilipitisha misingi ya kuwalinda watu wenye maradhi ya akili, na msingi wa 13 unataja uhuru wa mawasiliano ya faragha na wa kufikia huduma za posta na simu ndani ya kituo cha matibabu. Hata kwa wafungwa, Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinasema, katika kanuni ya 58, kwamba waruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, kwa barua na, panapokuwapo, kwa njia za simu na za kielektroniki. Hati hizi zinastahili kuwekwa mezani siku ya kuandika zabuni, kando ya vipimo vya IK, kwa sababu zinasema kifaa ni cha nini.

Ukipelekewa sampuli, usiishie kusoma karatasi. Ifungeni ukutani kama itakavyokaa, kisha pitisha kiganja juu yake taratibu, kuanzia paa. Paa liwe na mteremko mkali kiasi kwamba kitambaa kilichowekwa juu kinateleza chenyewe. Bapa halifai, na mteremko wa kudokeza tu nao haufai. Shuka hadi kwenye kingo: ziwe za mviringo, bila mdomo unaoshika kucha. Sukuma ukucha kati ya bamba na ukuta. Ukiingia, siku moja kitaingia kitu kingine, kwa hiyo mwanya huo uzibwe kwa gundi ngumu isiyochokonoleka. Silikoni laini ya bafuni wagonjwa huichuna kwa vidole. Tazama skrubu. Zinazotumika sana ni za kichwa cha nyota chenye kinundu katikati, ambazo bisibisi ya kawaida haiwezi kuzifungua. Hesabu zinazoonekana, na uliza kama zipo zinazoweza kuondolewa kwa sarafu au kijiko.

Kisha tazama mahali mkono wa simu unapokaa. Simu za kizamani zina ndoano inayoshuka na kupanda. Ni kiungo dhaifu na ni sehemu ya kushikia. Simu nzuri za wodi zina kitako kilichozama ndani ya mwili wa simu, na swichi ya sumaku iliyofichwa ambayo hutambua mkono ukiwa umerudi. Hakuna kinachochomoza, hakuna cha kuvunja. Zungusha vifuniko vya sehemu ya kusikilizia na ya kusemea: viwe vimegundishwa, visifunguke. Upime mkono wenyewe kwa kuushika. Uzito wake ukikuambia kwamba ni rungu, utakuwa rungu.

Ukuta nao ni sehemu ya simu. Bamba la chuma lililofungwa kwenye ubao mwembamba wa jasi litang'oka na mgonjwa atabaki na bamba mkononi. Panahitajika kiunzi imara nyuma, au kisanduku kilichojengewa ndani ya ukuta. Waya wa laini upite ndani ya ukuta. Ile mifereji ya plastiki inayobandikwa juu ya plasta inabanduka kwa mkono, ikaacha ukanda wenye makali na waya uliofichwa ndani yake, na ndivyo simu ya gharama kubwa inavyoharibiwa na kazi ya fundi ya siku ya mwisho.

Kuhusu malighafi, chuma kisichoshika kutu ndicho cha kawaida. Aina ya 304 ni nafuu, ila dawa za klorini zinazotumiwa hospitalini huitoboa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Aina ya 316, iliyochanganywa na molibdeni, huvumilia zaidi. Chuma kilichong'arishwa sana huakisi taa na sura za watu, jambo linalowasumbua baadhi ya wagonjwa. Uso uliofifishwa ni bora.

Jambo moja linalosahaulika ni wale wasiosikia vizuri. Wazee ni wengi katika wodi hizi, na wodi zina kelele. Simu iwe na kitufe cha kuongeza sauti, na mkono wake uwe na koili inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha kusaidia kusikia. Kitufe cha 5 kiwe na nukta ya kupapasa. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, simu ya ukutani haina maana yoyote. Anahitaji skrini ya video ndani ya ganda lililofungwa kwa masharti yaleyale ya umbo, na hitaji hilo liingie katika bajeti mwanzoni, lisisubiri siku atakapolazwa.

Sehemu nyingine ya usalama haionekani ukutani kabisa, iko kwenye mtambo wa simu. Namba za kulipia gharama kubwa zinaweza kuzuiwa. Namba za wanaosaidia watu wenye mawazo ya kujiua, za wakili na za mamlaka ya kupokea malalamiko zipigike bure, wakati wowote, na zile za wakili zisirekodiwe. Kuna wagonjwa ambao mahakama imewazuia kuwasiliana na mtu fulani, na kuna wanaopiga namba ya dharura mara kadhaa kwa siku kwa sababu wana hofu ya kweli ndani yao. Kwa hao, mtambo unaweza kuwekewa zuio la mtu mmoja mmoja kwa namba ya siri. Usikubali wodi nzima ifungiwe kwa ajili ya mtu mmoja; na kila zuio liandikwe, liwe na sababu na tarehe ya kuangaliwa upya. Ukomo wa muda nao uwe na mlio wa kutahadharisha kabla ya kukata. Simu inayokatika ghafla katikati ya sentensi humwacha mtu aliye katika hali ngumu akiamini kwamba ndugu yake ndiye aliyekata.

Simu zinazoingia zina mtego wake. Simu ya koridoni ikilia, hupokelewa na yeyote aliye karibu, naye kwa nia njema atamjibu mpigaji kwamba fulani yupo, amelala. Hapo siri ya kulazwa imetoka. Ni heri simu zinazoingia zipokelewe kwanza na wauguzi, kisha zihamishiwe.

Umeme nao unahitaji maneno machache. Laini za zamani za shaba huleta umeme wake zenyewe kutoka kituo cha simu, takriban volti 48, kwa hiyo simu hufanya kazi hata jengo likiwa gizani. Nchi nyingi zinazizima laini hizo, na simu mpya hutumia mtandao wa intaneti, zikipewa umeme kupitia waya wa mtandao. Umeme ukikatika, simu hizo hufa pamoja na swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachozipelekea mtandao na umeme huo, isipokuwa kabati la mitambo liwe na betri ya akiba au liwe kwenye jenereta. Muulize mhandisi wako simu ya wodi itaishi dakika ngapi gizani, na umwombe aonyeshe kwa kuzima.

Kisha mahali pa kuifunga. Muuguzi amwone anayepiga, asisikie anachosema. Hilo linawezekana kwa kona iliyo mbali na televisheni, yenye kioo kisichovunjika upande mmoja, dari ya kunyonya sauti, na kiti kizito kisichobebeka. Kofia kubwa za kukinga kelele zinazofungwa juu ya simu za vituo vya treni ziachwe hukohuko. Ni paa la kushikia.

Kabla ya kusaini, pateni wauguzi wawili wa zamu ya usiku na mtu aliyewahi kulazwa, wapige simu halisi kutoka kwenye sampuli, kwa dakika kumi, korido ikiwa na watu. Katika mkataba andikeni vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi, nani ana bisibisi maalumu, na simu iliyoharibika itarekebishwa ndani ya saa ngapi. Hadi hapo fundi atakapofika, simu ya akiba isiyo na waya ikae chumba cha wauguzi ikiwa na chaji, na kuangaliwa kwake kuandikwe kwenye daftari la makabidhiano ya zamu pamoja na ukaguzi wa simu ya ukutani: inalia, inasikika, haijalegea.